Turbo ya Aimé na Mlima wa Marie-Louise

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, mjukuu wangu Princesse alikuwa na kazi yake. Wenzake hapa Alunguli, mtaa wetu wa Kindu, huanza kwa kufagia uwanja au kuchota maji. Yeye alifanya hayo pia, lakini kwanza alifungua boneti ya jeep ya baba yake. Alitia maji kwenye rejeta. Kisha alichomoa kile kijiti cha kupimia mafuta ya injini, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kutazama mafuta yamefika wapi.

"Papa, maji iko, mafuta iko!" alipaza sauti.

Naye mwanangu Aimé alijibu kutoka ndani, "Aksanti, mama. Njo mekanisie wangu huyo!" Kwetu "njo" ni "ndio", na mekanisie ni fundi wa magari.

Jeep hiyo ni ya mazutu, yaani dizeli, nayo ni kuukuu. Marehemu mume wangu aliinunua zamani, wakati garimoshi lilipokuwa bado likifika Kindu bila kutusubirisha. Aimé aliirithi pamoja na remorke yake, lile tela linalofungwa nyuma likavutwa. Humo hupakia mchele, mihogo na bidoni, yaani madumu, za mawese kutoka upande wa Kalima, akavileta mjini. Njia ikiwa tambarare, jeep ilikwenda vizuri. Ikikuta mlima, remorke ikiwa imejaa, ilianza kulia na kupunguza mwendo, hata vijana wanaosukuma baiskeli zenye mizigo wakaipita wakicheka.

"Papa Aimé, shuka uisaidie kusukuma!"

Aimé hakucheka. Alikuwa na sababu yake, na Princesse aliijua, kwa maana nilimsimulia mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa vita, Princesse hajazaliwa. Siku moja risasi zililia tangu alfajiri, tukatoka mbio. Ndani ya jeep tulijaza watoto na watu waliojeruhiwa. Kwenye remorke tuliweka vyungu, mikeka na wazee. Binti yangu Marie-Louise, dada yake Aimé, alikuwa na homa kali, tukamlaza humo juu ya mikeka. Aimé, kijana wakati ule, ndiye aliyeshika usukani. Tulipofika kwenye mlima mrefu wa njia ya Kalima, mvua ikatukuta. Injini ililia, ikakohoa, gari likaanza kurudi nyuma. Nyuma yetu bunduki zilikuwa zinasikika. Hapakuwa na njia nyingine, Aimé aliifungua remorke, tukaiacha pale pale, na wazee wakaendelea kwa miguu.

"Marie-Louise aingie ndani," Aimé alisema. "Shusheni mtoto mmoja."

"Utamushusha nani?" dada yake alimwuliza. "Acha watoto wabaki. Mimi nitatembea."

Alitembea akiwa amenishika bega. Tulipofika juu ya mlima aliketi kando ya njia, akasema anapumzika kidogo. Hakuinuka tena. Tulimzika hapo hapo kwa haraka, bila sanduku, tukasimamisha msalaba wa vijiti viwili.

Miezi tuliyokaa msituni, Aimé alijifunza jambo moja. Akifika tu mahali, alizima injini papo hapo, hata kabla gari halijasimama vizuri. Sauti ya gari iliwaita wenye bunduki, na tena mazutu ilikuwa adimu. Mkono wake ukazoea. Vita vikaisha, tukaifunga tena remorke tuliyoikuta pale mlimani, tukarudi nyumbani, lakini mkono haukusahau.

Basi mwaka huu, baada ya mvua kubwa, nilikwenda kumwona binti yangu. Maji yalikuwa yamekula ukingo wa njia. Kaburi lilikuwa linateremka kidogo kidogo pamoja na udongo.

Nilimwambia Aimé, "Mvua nyingine ikija, dada yako atakwenda na maji."

Alitoka uwanjani, akaizunguka jeep. Kisha akasema, "Tutamujengea, mama. Kwa matofali na saruji. Na jeep ile ile njo itayapandisha, na remorke yake."

Ndipo alipokwenda kumtafuta fundi Ilunga, mtoto wa watu wa reli waliotoka Katanga. Ilunga alikuwa na turbo, chombo cha kuipa injini nguvu, aliyoitoa kwenye gari lililopata ajali. Siku ya kuifunga, Princesse alisimama karibu akiiangalia.

"Fundi, hii konokono ya chuma itafanya nini?"

Ilunga alicheka. "Iko konokono kweli, lakini hakuna kitu kinakimbia kama yeye! Angalia. Moshi unaotoka kwenye motere, hii injini, unazungusha panga hili la ndani. Panga lingine, upande huu, linasukuma hewa nyingi kuingia kwenye motere. Hewa ikiwa nyingi, mazutu inaungua vizuri, gari inapata nguvu ya kuvuta."

"Haichoki?"

"Inazunguka ndani ya mafuta ya motere. Mafuta njo inailainisha na kuipoza." Kisha akamgeukia Aimé. "Papa Princesse, na wewe sikia. Ukitoka kuvuta muzigo, usizime gari mara moja. Acha motere izunguke polepole kwanza, ule muda wa kufungua kamba za turubai la remorke na kulikunja. Ukizima papo hapo, mafuta inasimama na chuma bado iko moto. Mafuta itaungulia humo ndani kama maharagwe chini ya chungu."

"Nimesikia," Aimé alisema. Na alikuwa amesikia kweli.

Jamani, jeep ilibadilika! Safari ya kwanza, Aimé aliwapita vijana wa baiskeli mlimani akawapungia mkono. Alirudi nyumbani anaimba. Tangu tumzike Marie-Louise sikuwahi kumsikia mwanangu akiimba. Aliingia uwanjani, na kabla gari halijatulia, mkono ukaenda kwenye ufunguo. Kimya.

"Papa," Princesse alisema, "fundi alisema tungoje turubai likunjwe kwanza."

Aimé alicheka, akamvuta sikio kidogo kwa utani. "Mutoto huyu! Nilizaliwa mbele ya wewe ao nyuma ya wewe?"

Watu wote tukacheka. Princesse alicheka pia, lakini hakumkumbusha tena.

Siku zilipita. Asubuhi moja, kijiti kilionyesha mafuta yamepungua. Kesho yake yalikuwa yamepungua zaidi. Gari lilipowashwa, bomba lilitoa moshi wa buluu kidogo, na ndani ya mluzi ambao turbo hupiga ikizunguka kulikuwa na mkwaruzo. Princesse aliviona na kuvisikia vyote. Ndani ya nyumba, baba yake alikuwa anaimba huku anavaa viatu. Mtoto alisimama na kijiti mkononi. Halafu alikwenda nyuma ya ghala, akachukua bidoni ya mafuta ya injini, akaongeza mpaka kwenye alama.

"Papa, maji iko, mafuta iko!"

Akafanya hivyo asubuhi nyingi. Kila siku alijiambia kwamba atasema kesho.

Kiangazi kilipofika na shule zikafungwa, tulipakia remorke. Matofali, mifuko ya saruji, mchanga, na msalaba wa chuma ambao Ilunga aliuchomelea bila kutudai kitu. Tulikuwa Aimé, mke wake Clémentine, Princesse, mimi, na Jules, mtoto wa jirani anayejua kujenga. Aimé aliimba njia nzima. Tulipofika chini ya mlima alinitazama.

"Mama, leo utaona. Leo haisimami."

Jeep ilianza kupanda kwa nguvu. Tulipita mawe ya chini, tukapita kona. Mara mluzi ukageuka kilio, kama chuma kinachosagwa. Moshi wa buluu ukatufunika, nguvu ikakatika yote mara moja. Aimé alikanyaga breki na kuzima injini. Clémentine aliruka chini akaweka mawe nyuma ya magurudumu ili tusirudi.

Tulishuka. Nilitazama huku na huku, nikapatambua mahali pale tulipoiacha remorke wakati wa vita. Aimé alikuwa amekwisha kupatambua. Alisimama ameweka mkono juu ya remorke.

"Hapa tena," alisema. "Mama, ni hapa hapa tena."

Akakaa chini katikati ya njia, akalia. Siku tuliyomzika dada yake hakulia, hapakuwa na nafasi ya kulia. Sasa alilia kama mtoto.

Princesse alimsogelea.

"Papa, mafuta ilikuwa inapunguka."

"Nini?"

"Kila asubuhi ilikuwa inapunguka. Mimi nilikuwa naongeza, halafu nasema iko. Na moshi niliuona."

Clémentine alishika kichwa. "Mutoto wewe! Unatufanyia hivi?"

Aimé alimwinulia mkewe mkono anyamaze. Akamgeukia binti yake.

"Kwa nini haukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba, papa."

Hapo hata mimi machozi yalinitoka. Aimé alimvuta mtoto, akamkalisha karibu naye pale pale kwenye vumbi.

"Fundi aliniambia," alisema. "Wewe pia ulinikumbusha, mimi nikakucheka. Mukono huu ndio umeua turbo. Lakini ungeniambia siku ya kwanza, tungepona."

Princesse alijipangusa uso. Alikwenda kwenye remorke, akachukua tofali, akaliweka kichwani, akaanza kupanda mlima.

Tulimtazama kidogo. Kisha Jules akachukua lake, Clémentine akafuata, nami nikachukua dogo. Aimé alijitwika mfuko wa saruji. Tulikwenda na kurudi, tulikwenda na kurudi. Wale vijana wa baiskeli walitukuta njiani, na mmoja wao, anayeitwa Florentin, alianza utani wake.

"Papa Aimé, leo jeep imekataa…" Akaona msalaba wa chuma, akaacha maneno. Alishusha mzigo wake kutoka kwenye baiskeli, akapakia mchanga wetu. Wenzake nao wakafanya vile vile.

Kabla jua halijashuka, Jules alikuwa amejenga ukingo na kulifunika kaburi. Aimé alisimamisha msalaba kwa mikono yake.

Tulipokaa kupumzika, Princesse alikuja akaniegemea.

"Koko, nimeharibu kila kitu?"

"Hapana. Kaburi limejengwa, unaliona," nilimwambia. "Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Ulificha ubaya ili baba yako aendelee kufurahi. Ubaya haukukaa ulikofichwa. Uliendelea kuila turbo mpaka ukamliza hapa, mahali pabaya kuliko pote. Ukiona kitu kinaharibika, sema siku hiyo hiyo. Mtu mzima akikucheka, ngoja amalize kucheka, useme tena. Na sisi wakubwa, tumepoteza haki ya kuwacheka watoto wanaotukumbusha."

"Ndiyo, koko."

Tulilala pale pale, Florentin akapeleka habari mjini, na kesho yake Ilunga alifika kwa pikipiki. Aliifungua turbo akatuonyesha mhimili wake wa ndani. Ulikuwa mweusi, umeshikwa na mafuta yaliyoungua na kuganda kama masizi. Hakumsema mtu. Alirudisha mabomba ya zamani, akatia mafuta, na jeep ikateremka mpaka nyumbani kwa nguvu zake za kale, remorke tupu ikigongagonga nyuma.

Baada ya mavuno, Ilunga alitupatia turbo nyingine. Jioni ya kwanza Aimé aliporudi kutoka Kalima amejaza mchele, sote tulikuwa uwanjani. Gari lilisimama. Niliona mkono wake unakwenda kwenye ufunguo.

"Papa," Princesse alisema.

Mkono ukasimama. Mtoto alizunguka nyuma, akaanza kufungua kamba za turubai, moja baada ya nyingine. Injini ilikuwa inazunguka taratibu. Aimé alikaa mle ndani, jasho linamtoka usoni. Nilikwenda nikasimama kwenye dirisha lake.

"Mama," aliniambia kwa sauti ndogo, "gari ikilia hivi na tumesimama, ninasikia kama wanakuja."

Niliweka mkono wangu juu ya wake.

"Hakuna anayekuja, mwanangu. Wamekwenda zamani. Ngoja tu."

Alingoja. Princesse alilikunja turubai kwa upole, mkunjo juu ya mkunjo, akaliweka begani.

"Tayari, papa."

Ndipo Aimé akazima.