Fulana ya Mélie

Nianze na kosa langu, maana Mungu analijua tayari. Mimi ndiye niliyempa Firmin Astruc ufunguo wa chemchemi ya kanisa, niliokabidhiwa niutunze. Kiangazi kile, kwa sababu ya ukame, ilikatazwa kujaza mabwawa ya kuogelea, na mjukuu wake Mélie, mwenye miaka minne, alikuwa anakuja likizo. Firmin alinitania mbele ya watu: "Wewe unalinda maji, au unalinda vyura?" Nikaona haya kuitwa mchoyo. Mpira wa maji ukapitishwa juu ya ukuta wake hadi kwenye bwawa lake. Padri aliponiuliza mbona chemchemi imekauka, nikasema ni jua.

Zamani akina mama wa hapa walileta chemchemini fulana ya mtoto mgonjwa. Ikielea, mtoto atapona. Ikizama, wanakwenda kushona sanda. Firmin aliyacheka mambo hayo.

Siku ya tatu tangu bwawa lijae, pampu ilizimika. Firmin ni fundi umeme mstaafu, hakushtuka. Akakagua swichi: umeme upo. Akatoa hewa kwenye bomba, akaosha chujio la mchanga. Pampu iliunguruma bila kuvuta. Alipofungua kikapu kinachonasa majani, alikuta vifungo vidogo vya mfupa, kama vya nguo za kichanga, vimejaa pomoni. Akavimwaga, akawasha. Haikupita saa, kikapu kilikuwa kimejaa tena.

Akafunga pampu mpya. Nayo ikafa siku hiyohiyo.

Kuanzia hapo hakutulia. Mchana, watu wakiwa wamefunga madirisha kukwepa joto, king'ora cha bwawa, kile ambacho sheria inataka kilie mtu akianguka majini, kilikuwa kikilia, naye anakimbia pekupeku juu ya mawe ya moto na kukuta maji yametulia tuli, yananuka mshumaa uliozimwa na maziwa yaliyochacha, na ndani ya bomba, ingawa waya wote alikwisha kuukata kwa mkono wake mwenyewe, kuna sauti ya mtu anayefua nguo, anasuuza, anakamua, anasuuza tena, bila haraka, kama mwenye siku nzima mbele yake.

Siku ya saba king'ora hakikulia. Ukimya ule ndio uliomtoa ndani. Alimkuta Mélie amekaa ukingoni, kifua wazi, miguu majini.

"Fulana yako iko wapi, mama?"

"Nimempa bibi."

"Bibi gani?"

"Wa humo. Anataka kuijaribu tu, babu. Kasema atairudisha."

Fulana ya njano ilikuwa katikati ya bwawa, imetanda juu ya maji. Firmin alijitosa, akaikamata. Upande wa chini kulikuwa na kitu kilichoishika pia. Kikavutana naye kidogo, kisha kikaachia taratibu.

Jioni Mélie alishikwa na homa. Daktari hakuona ugonjwa. Akaitwa Bi Honorine, yule mama anayewasomea sala watu walioungua na moto. Aliyanusa maji, akakataa hata kukaa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba jini huyu hakuja mwenyewe, ameletwa, na kazi yake amekwisha kuianza. Maji yarudishwe kwa ndoo, si kwa pampu, na mikono ileile iliyoyachukua. Kisha fulana ipelekwe kulekule, ikatoe jibu.

"Na ikizama?" Firmin aliuliza.

"Hilo ungeuliza kabla ya kufungua maji, baba."

Tulibeba siku tisa, yeye na mimi, maana nilikwisha kuungama kwa padri. Homa haikushuka. Siku ya kumi, saa nane mchana, Firmin aliilaza fulana juu ya chemchemi. Ikaelea. Tukaanza Baba Yetu. Tulipofika kwenye "utuopoe maovuni", mikono ya fulana ilituna kana kwamba imevaliwa, ikaanza kushuka polepole, kina cha mkono hadi kiwiko, halafu ikasimama. Haikuzama. Haikupanda.

Iko hapo hadi leo, na Mélie yuko kitandani, hazidiwi wala hapati nafuu. Firmin haondoki pale kwenye maji. Basi wewe unayesoma, ukisali leo, nakuomba umtaje kwa jina: Mélie Astruc, miaka minne.