Uji Kabla ya Upasuaji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Upendo alimsaidia Bibi Theodosia kuwatoa mbuzi na kufagia uwanja. Waliishi Butihinda, upande wa Muyinga. Bibi alikuwa na miaka sabini na minne, na tangu Pasaka tumbo lilimuuma hadi akashindwa kushika jembe. Madaktari walimkuta na mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Likizo ilipofika, Upendo na baba yake, Fabiano, walimpeleka hospitali mjini Gitega.

"Hatutafungua tumbo lote," Daktari Raissa aliwaeleza. "Tutatoboa matundu manne madogo, tuingize kamera na vifaa vyembamba. Mzee hupona upesi zaidi. Ila kesho asubuhi asile wala asinywe kitu."

Asubuhi hiyo, Fabiano alipokwenda kununua dawa, Upendo alimkuta Bibi anamalizia kikombe cha uji alichopewa na mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Njaa imenizidi," Bibi alinong'ona. "Usiseme, mjukuu wangu. Wakiahirisha upasuaji, narudi nyumbani na sitakuja tena. Si ni matundu madogo tu?"

Muuguzi alikuja na kiti cha magurudumu. "Amekula?"

Bibi akatikisa kichwa kukataa. Upendo akafuata kiti nyuma. Lakini walipofika mlango wa chumba cha upasuaji, alimshika daktari mkono.

"Daktari, Bibi amekunywa uji. Nimemwona."

Upasuaji ukaahirishwa hadi kesho yake. Bibi aligeukia ukutani, na kutwa nzima hakumsemesha mjukuu wake. Upendo alikwenda kulia kwenye kamba za kuanikia nguo nyuma ya wodi. Fabiano alikaa na mama yake, akimsihi asiondoke. Mwishowe Bibi alikubali kubaki.

Kesho yake alipasuliwa salama. Alipozinduka, alimtafuta Upendo kwa mkono.

"Nilikukasirikia bure," alisema kwa sauti dhaifu.

Daktari Raissa aliinama karibu nao. "Bibi, matundu ni madogo, lakini usingizi wa dawa ni uleule wa upasuaji mkubwa. Ukilala na uji tumboni, uji huo unaweza kupanda ukaingia mapafuni. Kwa umri wako, tungeweza kukupoteza."

Kisha akamgeukia Upendo. "Vifaa vyetu ni vizuri, binti, lakini havituambii mgonjwa amekula nini. Ukimpenda mgonjwa, mwambie daktari ukweli, hata kama mgonjwa mwenyewe atakununia."