Pampu ya Pikapu ya Baba Emmah

Selpher na Jackton wanaishi Uthiru na binti yao Emmah. Kila asubuhi Selpher hupakia sukuma wiki, nyanya na vitunguu kwenye pikapu. Jackton hushika usukani. Mboga huenda kwenye jiko la shule moja kule Parklands.

Pikapu hiyo ni ya zamani kuliko ndoa yao. Jackton anaipenda mno. Selpher husema mumewe angeweza, angeilaza kitandani. Majuzi Jackton alimwita fundi aondoe kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, na kuweka injekta zinazonyunyiza petroli kwenye injini, ili gari liwake upesi kwenye baridi na lipunguze kunywa petroli. Kweli, likawa linawaka vizuri. Lakini likifika mlima wa Spring Valley, linakohoa, kisha linazima.

Siku moja lilizima tena, likachukua muda kuwaka. Walipofika Parklands, mpishi mkuu, Mama Kaindi, alikuwa amesimama mlangoni. Wote wawili walimwambia pole.

"Mkichelewa tena, nitatafuta mtu mwingine," alisema. "Nitawapikia watoto nini, hizo pole zenu?"

Selpher aliogopa sana. Kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba yao. Waliporudi Uthiru, alienda moja kwa moja kwa jirani yao Nyokabi, ambaye ni fundi wa magari. Nyokabi aliingia chini ya pikapu, akatazama, akatoka na vumbi mgongoni.

"Injekta ziko sawa," alisema. "Shida ni vile petroli inafika huko. Kabureta hutosheka na pampu dhaifu. Injekta zinataka petroli inayosukumwa kwa nguvu, bila kukatika."

"Si tuliweka pampu ya stima, inayotumia betri?" Jackton aliuliza.

"Mliweka, lakini iko juu, karibu na injini. Hii pampu inajua kusukuma. Kuvuta haijui. Ikikaa nje ya tangi, inafaa iwe chini, karibu nayo. Halafu petroli ikiwa kidogo, kwa mlima inavuta hewa, gari inazima. Kwani wewe huweka petroli kiasi gani?"

Jackton alikuna kichwa. Selpher akamjibia.

"Ya kutufikisha tu! Anaogopa wezi wa kunyonya petroli. Tangi yetu hulala tupu."

Nyokabi alicheka. "Baba Emmah, wezi umewanyima, na gari pia umeinyima!"

Jackton naye akacheka, ingawa aliona aibu.

"Sasa tufanye nini?" Selpher aliuliza.

"Tunaweza kusongesha hii pampu nyuma. Ni kazi rahisi, lakini itapiga kelele, na petroli ikiisha itapata moto iharibike. Ingekuwa gari yangu, ningeweka pampu ndani ya tangi. Petroli yenyewe inaipoesha. Tutaikalisha kwa kikopo kinachoshika petroli hata mkiwa mlimani. Na hizi paipu za mpira ni za kabureta. Zinaweza kupasuka, gari ishike moto. Tuweke za injekta, na moja ya kurudisha kwa tangi petroli inayobaki."

"Tundu la kuingiza pampu kwenye tangi nitalitoboa mwenyewe," Jackton alisema. "Nina rafiki mwenye mashine ya kuchomelea vyuma."

"Usijaribu! Tangi ikiwa tupu bado ina mvuke wa petroli. Cheche moja tu, inalipuka. Hiyo niachie mimi. Wewe nunua kifuniko cha tangi cha kufuli, na usiache petroli ishuke chini ya robo."

Nyokabi alifanya kazi hiyo Jumamosi. Jumatatu, walipoukaribia mlima, Selpher alifumba macho na kushika mlango kwa mikono miwili. Alingoja kusikia kikohozi. Hakusikia.

"Tumefika mlimani?" aliuliza.

"Fungua macho, Mama Emmah. Tumeupita kitambo."

Selpher alishusha pumzi ndefu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Furaha iliyoje! Shuleni walikuta mlango wa jikoni bado umefungwa. Mama Kaindi alikuja akifunga aproni.

"Kumbe leo mmekuja kuniwashia moto?" alisema, akatabasamu. "Haya, leteni sukuma. Na kesho vivyo hivyo."

Jioni Jackton aliweka petroli hadi nusu ya tangi, akakifunga kifuniko kwa ufunguo. Usiku huo hakuna mwizi aliyeigusa petroli. Asubuhi, Selpher akitandika kitanda, alikuta ufunguo ule chini ya mto wa mumewe.

"Baba Emmah!" aliita huku akicheka. "Leo ni ufunguo. Kesho utaniambia nisonge, gari yenyewe ilale!"