Kijidudu cha Shaba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mohinur alinyunyizia ua maji, akaufagia kuanzia langoni hadi chini ya mizabibu, kisha akafuta vioo vya gari la baba yake. Kazi ya vioo hakutumwa na mtu. Baba yake, Tolib, alibeba abiria kati ya miji ya Kokand na Fergana, na gari hilo jeupe ndilo lililoleta unga, nyama na viatu vya shule nyumbani kwao. Mohinur alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa ameshafungua na kufunga pasi, redio na kengele ya mlango. Vyote vilifanya kazi baadaye, isipokuwa kengele, ambayo tangu siku hiyo ililia yenyewe kila mvua iliponyesha.

Oktoba ile nyumba ilijaa pilikapilika za harusi ya dada yake, Saodat. Jioni moja familia ilikuwa ikinywa chai uani, Saodat akatoa ombi lake.

"Wenzangu wote wanakodi magari marefu," alisema. "Mimi sitaki. Nataka Baba anitoe saluni na gari lake. Ila ndani liwe na taa. Zile za zambarau."

"Taa za zambarau?" Baba akacheka. "Abiria wangu watadhani nimefungua ukumbi wa muziki."

"Nitazifunga mimi," akasema Mohinur.

Binamu yao Sherali, kijana wa miaka kumi na mitano aliyeishi nyumba ya pili, alikuwa akibangua mbegu za alizeti. Akatema ganda. "Wewe? Wewe kafunge vifungo vya gauni la bibi harusi. Umeme wa gari waachie wanaume."

"Mwanaume gani? Balbu ya chooni kwenu nani alikubadilishia?"

Bibi yao, mama yake Baba, alicheka mpaka akapaliwa na chai. Sherali hakucheka, na Mohinur alilala usiku ule akiwa amevimba kichwa. Nasema wazi mapema: msichana huyu alikuwa na akili, na mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini sifa alizipenda kuliko alivyojijua.

Mkanda wa taa walinunua sokoni. Ndani ya paketi mlikuwa na waya mwembamba, swichi, na fyuzi ndogo ndani ya kibweta cha plastiki. Mohinur alifanya kazi kutwa nzima Jumapili. Alipangusa vumbi kwa spiriti, akabandika mkanda chini ya dashibodi, kando ya milango na chini ya viti vya mbele. Waya akaupitisha chini ya kapeti hadi kwenye betri, ili taa ziwake hata gari likiwa limezimwa. Chini ya kiti cha abiria cha mbele waya ulipita karibu mno na reli, ile njia ya chuma ambayo kiti huteleza juu yake. Akaugusa ukingo wake kwa kidole. Ulikuwa mkali. Alitaka kuusogeza waya na kuufunga vizuri, lakini tepu ilikuwa imekwisha, na Baba alikuwa ameshaanza kuita majirani.

Kapeti likarudishwa. Mohinur akabonyeza swichi, na gari zima likajaa mwanga wa zambarau. Majirani walishangilia. Bibi alisema linafanana na tumbo la bilingani, na aliposema hivyo alikuwa akisifu.

Sherali akaingia, akakaa kiti kilekile cha abiria cha mbele, akakisukuma nyuma ili anyooshe miguu. Taa zikazimika.

"Fundi," akasema Sherali, "mbona bilingani limekufa?"

Mohinur akafungua boneti. Fyuzi ilikuwa imekatika. Alijua kabisa kwamba fyuzi haikatiki bure, na kama angekuwa peke yake angelifunua kapeti lote tena. Lakini watu wapatao ishirini walikuwa wamesimama nyuma yake. Basi akafanya alichokwisha kuona kikifanywa. Alimenya kipande cha waya wa zamani, akatoa uzi mmoja wa shaba, akausokota mahali pa fyuzi, uzi usiokatika hata waya ukipata moto. Kitu hicho kwetu tunakiita kijidudu, na ni nyumba chache zisizokuwa nacho. Baba mwenyewe alikuwa amekiweka kwenye sanduku la umeme barazani, majira matatu ya baridi yaliyopita, kwa sababu birika na jiko la umeme vilikuwa vikikata fyuzi kila jioni.

Taa zikawaka. Watu wakapiga makofi. Majirani walipoondoka, Baba akauliza, "Kulikuwa na nini, mwanangu?"

"Fyuzi ilikuwa mbovu, Baba."

"Umeweka nyingine?"

"Nimeweka."

Uongo ule ulimtoka kwa urahisi, na urahisi huo ndio uliomtia hofu.

Siku ya Jumanne, Baba aliporudi kutoka Fergana, alinusa hewa ndani ya gari. "Abiria mmoja, mwalimu, kasema kuna harufu ya plastiki," alisema. "Nadhani ni gundi mpya."

"Ni gundi," akasema Mohinur.

Baba alipoingia ndani kula, Mohinur aliingiza mkono chini ya kile kiti. Kapeti lilikuwa na uvuguvugu, kama kitambaa kilichofunika mikate. Upande wa nyuma wa gari, ndani ya buti, ulilala mtungi mwekundu wa gesi, kwa kuwa gari lile, kama mengi ya kwetu, lilikwenda kwa gesi. Bomba lake jembamba lilipita chini kabisa ya sakafu, kutoka nyuma kwenda mbele. Mohinur alikuwa ameliona maisha yake yote. Siku ile ndipo alipoanza kulifikiria.

Siku ya Jumatano alinunua fyuzi mpya akiwa njiani kutoka shule. Akasimama mbele ya boneti akiwa nayo mkononi. Kama angeiweka, ingekatika tena, taa zisingewaka siku ya harusi, na kila mtu angejua. Akaitia mfukoni. Alhamisi alikwenda kwa Baba kumwambia, akamkuta akizungumza na simu: "Binti yangu kafunga mwenyewe, tena yule mdogo." Mohinur akarudi jikoni kumenya karoti za pilau. Ijumaa harufu ilipungua, au pua yake ilikuwa imeizoea, na akajiambia kwamba kesho ni siku moja tu.

Jumamosi asubuhi walikwenda saluni kumchukua Saodat. Alitoka akiwa na gauni jeupe pana mno hata likapita mlango wa gari kwa shida. Bibi, aliyekaa mbele, akasogeza kiti chake mbele kabisa ili gauni lipate nafasi. Mohinur alisikia reli ikikwaruza. Akaingia nyuma kando ya dada yake.

"Washa taa," akasema Saodat. "Nataka nizione hata kama ni mchana."

Mohinur akanyoosha mkono kati ya viti, akabonyeza swichi. Mwanga wa zambarau ukaangukia gauni jeupe, na Saodat akatabasamu kama mtoto. Kisha mwanga ukapepesuka, ukatulia, ukapepesuka tena.

"Tupitie gesi kwanza," akasema Baba. "Bwana harusi na watu wake watafika saa sita, na wakimchukua bibi harusi lazima niwafuate mpaka kwao Margilan. Mtungi umebaki karibu mtupu."

Kituo cha gesi kilikuwa na foleni. Kwetu sheria ya kituo haina mzaha: dereva huingia peke yake, na abiria wote hushuka na kungoja nyuma ya ukuta mnene wa zege. Watoto tunaijua kabla ya kujua kusoma. Yalipobaki magari mawili mbele yao, Baba akageuka. "Haya, shukeni."

Saodat alitazama nje. Vumbi lilikuwa jekundu, na lilifika kwenye vifundo vya miguu ya watu. "Baba, na gauni hili?"

Mhudumu wa kituo, mzee mmoja mnene mwenye glavu nyeusi, akainama dirishani, akaona, akaweka mkono kifuani. "Pongezi sana, ndugu yangu. Bibi harusi tumshushe vumbini? Haiwezekani. Leo akae tu. Dakika tano, nani ataona?"

"Mungu akubariki," akasema Bibi.

Baba alisita, kisha akashukuru. Gari la mbele likaondoka. Likabaki moja.

Hapo ndipo Mohinur alipouona moshi. Ulipanda polepole kando ya kiti cha Bibi, mwembamba, wa kijivu, na ndani ya mwanga wa zambarau ulionekana mzuri. Hakuna mwingine aliyeutazama. Bibi alikuwa akirekebisha kitambaa chake cha kichwa. Saodat alikuwa akijitazama kwenye kioo cha simu. Mhudumu alikuwa akiwapungia mkono waingie.

Mohinur akageuka. Akaona gauni lote jeupe limemzunguka dada yake, likiwa limejaa mlango mpaka mlango, na akafahamu kwamba Saodat hangeweza kutoka haraka hata kama angetaka.

"Baba, usiingie," akasema. "Pana moshi. Nilikudanganya. Fyuzi sikuweka, niliweka kijidudu."

Tolib aliinama. Aliangalia chini ya kiti cha Bibi mara moja, akakata usukani, akalitoa gari kwenye foleni huku walio nyuma wakipiga honi. Alivuka barabara, akaliendesha hadi kwenye uwanja mtupu, mbali na kituo. "Tokeni. Tokeni wote." Alimvuta Bibi kwa mkono. Mohinur alimvuta Saodat, na gauni lililonasa mlangoni likachanika kwa sauti ndefu. Moshi ulikuwa umegeuka mweusi. Baba akafungua boneti, akachukua spana, akalegeza kichwa cha betri, akakitoa.

Taa zikazimika. Baada ya muda moshi nao ukapungua. Mhudumu alikuja mbio na kizimamoto, akafunua kapeti kwa ncha ya kiatu chake. Waya mwembamba ulikuwa umebaki uchi, umeng'atwa na reli, na kapeti limeungua tundu kubwa kama sahani. Chini ya tundu hilo rangi ya sakafu ilikuwa imebabuka. Bomba la gesi lilipita papo hapo, upande wa pili wa bati.

Mzee yule akavua kofia yake. "Na mimi ndiye niliyesema akae," akasema, na hakuweza kumtazama Saodat usoni.

Saodat alikwenda nyumbani ndani ya gari la kusambazia mikate, ambalo dereva wake alikuwa kwenye foleni ileile. Alifika kabla ya bwana harusi, na pindo lake lilishonwa upesi na shangazi wawili wenye sindano. Wageni walisema bibi harusi ananukia mkate wa moto. Alipokuwa akiaga, alimkumbatia Mohinur kwa muda mrefu. "Ungenyamaza dakika moja zaidi," alisema, na hakumalizia. Mohinur alilia kwa uchungu, akamwomba msamaha, na Saodat akamsamehe palepale.

Kesho yake asubuhi, Sherali alikuja kusaidia kurudisha meza za watu. "Fundi," akaanza, "nimesikia bilingani limeiva."

"Nyamaza, Sherali," akasema Baba. "Wewe na mimi tulikuwa wapiga makofi." Kisha akamwita Mohinur barazani, kwenye sanduku la umeme. Akazima swichi kubwa, akafungua mlango wa sanduku, akachomoa uzi mmoja mweusi wa shaba, akauweka kiganjani mwa binti yake.

"Unakijua?"

"Kijidudu chako, Baba."

"Changu. Majira matatu ya baridi kimekaa hapa, juu ya vichwa vyenu mkiwa mmelala. Wewe ulijifunzia hapa." Akakaa kwenye ngazi. "Sikiliza, mwanangu. Fyuzi ikikatika inasema kweli: pana kasoro, itafute. Mimi niliiziba mdomo kwa sababu nilitaka chai ichemke. Wewe uliiziba kwa sababu ulitaka makofi. Kisha nilipokuuliza, ukajiziba na wako. Kasoro ilikuwa kitu kidogo, tepu ya kiganja kimoja ingetosha. Kuificha ndiko kulikotaka kumla dada yako."

"Sitaficha tena," akasema Mohinur.

"Jana ulisema, mbele ya watu, ukijua utaaibika. Ndiyo maana leo nina mabinti wawili. Hilo nalo nimeliona."

Akanyoosha mkono kuchukua kijidudu. Mohinur akampa, kisha akatoa mfukoni ile fyuzi aliyoinunua Jumatano, akampa nayo. Baba akaigeuzageuza. "Hii ya gari. Leo mchana tutafunua kapeti lote, wewe ndiye fundi, mimi nitashika tochi. Na hapa nyumbani nitaweka fyuzi halisi sasa hivi."

Akatoa fyuzi ya nyumba mfukoni mwake, akaiweka, akawasha swichi. Jikoni, Bibi alikuwa ameacha birika na jiko vikiwa vimechomekwa. Sandukuni kukasikika mlio mdogo, na umeme wa nyumba nzima ukakatika.

"Tolib," Bibi akaita kutoka ndani, "chai yangu."

"Subiri, mama," akajibu Baba, akiwa ameshainuka. "Pana kasoro. Tunakuja kuitafuta."