Kufuli la Swichi ya Tatu

Kila siku akitoka shule, Assia alipita nyumbani kuweka mkoba na kuchukua chupa ya chai, kisha akaenda kwenye kinu cha mzee Shaabani. Hapo ndipo mama yake, Khadidja, alipokuwa akichekecha unga kuanzia asubuhi. Assia aliwaamkia kina mama waliopanga mabeseni yao ya muhogo mkavu mlangoni, akaingia, na kabla hajamtazama mama yake alitazama juu ukutani, kwenye feni.

Ilikuwa feni kubwa, pana kama gurudumu la lori, imekaa ndani ya tundu la ukuta karibu na dari. Kazi yake ilikuwa kuvuta vumbi la unga na kulitupa nje. Vumbi la unga si kitu cha kuchezea. Linakaba kifua cha mtu polepole, na likizidi hewani cheche moja tu yaweza kuliwasha. Aliyeifunga feni ile ni baba yake Assia, fundi Tajudini.

Ilikuwa mwaka 1998, na vita vilikuwa vimewafundisha watu wa Bujumbura kuishi kwa masikio. Walisikiliza milio ya bunduki kutoka vilima vya upande wa Kanyosha. Walisikiliza kama umeme umerudi, maana nguzo ziliangushwa huko milimani na mji ukakaa gizani siku mbili, tatu, hata wiki. Assia yeye alikuwa na jambo lake la kusikiliza: hatua za baba yake.

Mwezi wa saba wa mwaka 1996, beringi za feni zilipoanza kulia, Tajudini alipanda boti kwenda Kigoma kutafuta mpya. Alisema siku sita. Kabla siku hizo hazijaisha nchi jirani zikafunga mipaka na safari za ziwani zikasimama. Siku sita zikawa mwaka, na mwaka ukavuta mwenzake. Barua moja tu ilifika, imekunjwa mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Ilisema yu mzima, amepata kazi kwenye kinu cha mpunga, na njia ikifunguka atarudi, inshallah. Assia aliihifadhi yote kichwani. Uso wa baba aliukumbuka kwa sababu ya picha. Sauti ndiyo iliyokuwa inamtoroka. Jioni, mama alipotandika mkeka na kuiacha wazi nafasi ya baba, Assia alijaribu kuisikia ikisema bismillahi, akaambulia kimya.

Pale kinuni kulikuwa na kitu kimoja alichokishika baba kila siku: kufuli la shaba lililopakwa rangi ya bluu, limetundikwa kwenye msumari kando ya swichi tatu kubwa. Swichi ya kwanza ilikuwa ya taa, ya pili ya kinu, ya tatu ya feni. Kabla ya kupanda ngazi Tajudini alishusha ya tatu, akapitisha kufuli kwenye tundu la mpini wake, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Kisha alipima nyaya kwa testa, bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa umeme. Alikuwa amemweleza binti yake kwamba ufunguo hukaa na yule aliye juu ya ngazi, hata kama aliye chini ni ndugu wa tumbo moja.

Feni ililia mwaka mzima na nusu, na baada ya Idi ikakwama kabisa. Vumbi likajaa. Khadidja akaanza kukohoa, kwanza asubuhi, kisha mchana kutwa, kisha kikohozi kikawa hakimpi nafasi ya kumaliza neno. Mama mmoja mcheshi aitwaye Ernestine alimwambia mwenye kinu, "Mzee Shaabani, unga yako tumekula sana na pua. Tupatie basi na ya kinywa." Watu walicheka, naye Shaabani akacheka kwa aibu, na wiki ile ile akamleta fundi.

Fundi huyo alikuwa Cirimwami, mkimbizi kutoka Bukavu, mtu mrefu mpole aliyewahi kutunza feni za kiwanda cha chai. Beringi alizipata kwa mafundi wa mtaa wa Buyenzi, ndani ya mota iliyokufa. Siku alipokuja kukagua alikuja na binti yake, Benite, wa rika la Assia. Assia alimwona yule mwanamume akipanda ngazi ya baba yake, na Benite akimshikia miguu ya ngazi, akamwita papa, yaani baba, naye akaitika. Moyo wa Assia uliuma. Alijisemea kwamba mgeni amechukua ngazi, amechukua na ukuta, lakini kufuli hatalichukua. Jioni ile, watu walipokuwa wakifagia, akalitoa msumarini pamoja na ufunguo wake, akaenda kulificha ndani ya mkoba wa shule.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na mji haukuwa na umeme kwa siku ya tatu. Cirimwami alipofika alitafuta kufuli. Shaabani akauliza huyu na yule, mwisho akamgeukia Assia, naye Assia akasema hajaliona. Alisema hivyo akitazama miguu yake.

"Wacha basi," Shaabani alisema. "Umeme hakuna. Kufuli ya nini?"

"Mi naogopa, mzee," Cirimwami akajibu. "Umeme ya vita haina saa."

Lakini foleni ya mabeseni ilikuwa imefika barabarani, watoto wa watu walikuwa na njaa, na Khadidja alikuwa akikohoa pale pembeni. Cirimwami akakubali. Alishusha swichi ya tatu, akafunga mpini kwa kamba, akatundika kipande cha katoni alichoandika kwa makaa: USIGUSE, MTU YUKO KAZINI. Alipima nyaya, na testa haikuwaka. Ila siku isiyo na umeme testa haina la kusema. Akapanda, akatoa wavu wa kinga, akaingiza mikono yake miwili katikati ya mapanga ya feni.

Assia na Benite walikaa nje juu ya gunia tupu.

"We unamuangalia papa kama mwizi," Benite alisema.

"Hiyo ngazi ni ya baba yangu."

"Akirudi atapewa. Papa hawezi kuibeba." Benite alichora duara mchangani kwa kidole. "Baba yako alikuandikia barua?"

"Moja."

"Una bahati. Sisi tulitoka nyumbani watu watano. Mama na wadogo zangu walipotea njiani, mbele ya kufika Uvira. Sasa mi niko na papa, na papa iko na mi. Basi."

Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja vitu vilivyobaki ndani ya nyumba. Assia alimtazama, halafu akatazama ndani kupitia mlango, akaona miguu ya Cirimwami kwenye kidato cha juu cha ngazi. Akaona na katoni pale swichini. Vumbi lililopukutishwa na fundi huko juu lilikuwa limeanguka juu yake tangu asubuhi, na maandishi yote yalikuwa yamefunikwa. Ilikuwa katoni nyeupe tu, haisemi kitu.

Akasimama na kukimbia.

Nyumba yao ilikuwa ya sita kutoka kinuni. Alifungua mkoba, akamwaga madaftari sakafuni, akalishika kufuli na ufunguo wake, akarudi mbio. Alikuwa bado barabarani aliposikia sauti ya watu ikibadilika. Juu ya mlango wa kinu palikuwa na balbu moja isiyozimwa kamwe, ya kuwajulisha watu umeme ukija. Ilikuwa imewaka.

"Imerudi," mtu mmoja alisema, wala hakuna aliyeuliza nini.

Wakati huo mwenye kuchelewa kusaga alilala njaa, maana umeme ungeweza kuondoka tena kabla beseni la pili halijaisha. Kina mama walisukumana kuingia. Shaabani naye aliruka kwenye swichi, na mkono wake ukafanya kama ulivyozoea miaka yote, kama mtu anayenawa bila kufikiri. Akapandisha ya kwanza, taa zikawaka. Akapandisha ya pili, kinu kikanguruma, kikameza kila sauti, hata ya Cirimwami aliyekuwa akipiga kelele juu ya ngazi, mikono imebanwa kati ya mapanga. Mkono ukaenda kwenye ya tatu, ukaikuta kamba, ukaikata kama uzi.

Assia alipita chini ya mabeseni na kuning'inia kwenye mkono ule kwa uzito wake wote. Shaabani akakasirika, akataka kumsukuma. Naye Assia akapitisha kufuli kwenye tundu la mpini na kulibana, kisha akanyoosha kidole juu.

Shaabani akatazama juu. Alizima kinu, na ndani ya kimya kile watu wote wakaiona mikono ya fundi ikitoka polepole katikati ya mapanga. Cirimwami alishuka kidato kimoja kimoja. Alipofika chini akakaa juu ya gunia. Benite akaja kukaa karibu yake, akaushika mkono wake mmoja, akaugeuza kuutazama huku na huku.

Hakuna aliyemuuliza Assia kitu. Angeweza kunyamaza, na watu wangemsifu kwa wepesi wake. Lakini alimwona mama yake akilitazama kufuli, na macho ya mama yalikuwa yameshaelewa.

"Mimi ndiye nililichukua," alisema. "Nilidanganya. Sikutaka mtu mwingine alishike, kwa sababu ni la baba."

Shaabani alifuta uso kwa kanzu yake. Akasema kosa lake yeye ni kubwa zaidi, maana ni mtu mzima, aliambiwa umeme wa vita hauna saa, na bado mkono wake ulitangulia akili.

Cirimwami alimnyooshea Assia mkono wake mwingine.

"Leta ufunguo, mutoto yangu," alisema. "Baba yako alikufundisha ufunguo inakaa wapi?"

"Kwa yule aliye juu."

"Sawasawa. Na umeme ikikatika, haijakufa. Imeenda tu, na ikirudi haipigi hodi."

Akautia ufunguo mfukoni. Alipima nyaya zinazoingia juu ya swichi, testa ikawaka. Akapima zinazotoka chini yake kwenda kwenye feni, haikuwaka. Sasa alijua kwa hakika. Akapanda tena. Alifungua nyaya za mota, akapachika beringi, akatia grisi, akaunganisha nyaya tena, akazungusha mapanga kwa mkono mpaka yakazunguka bila kulalamika, akarudisha wavu na kukaza kila skrubu. Kina mama walingoja, na safari hii hakuna aliyemharakisha.

Alipofungua kufuli na kupandisha swichi, feni iliondoka vizuri, lakini badala ya kuvuta vumbi ikaanza kulisukuma ndani. Kufumba na kufumbua, watu wote walikuwa weupe kuanzia nyusi hadi viatu. "Mzee Shaabani," Ernestine akasema, "leo umetusaga na sisi." Kicheko kilichotoka hapo kiliwatoa watu hofu iliyokuwa imebaki.

Cirimwami alishusha swichi, akafunga kufuli, akapima, akapanda. Alifungua kisanduku cha nyaya cha mota na kukitazama kwa muda mrefu. Alibadilisha nyaya mbili kati ya tatu, akashuka, akawasha. Safari hii vumbi liliinuka kutoka sakafuni kama moshi ulioitwa, likaelekea ukutani, likatoka.

Ndipo akamwita Assia. Alimwambia kwamba ndani ya kile kisanduku kila waya ulikuwa umefungwa uzi wa cherehani, mmoja mwekundu, mmoja mweupe, mmoja mweusi, na pale waya huo unapofungwa kuna uzi wa rangi ileile. Waya wa usalama, ule wa kwenda ardhini, ulikuwa umekazwa mara mbili.

"Mi nilikuwa bado na hofu, sikuangalia nyuzi zake," alisema. "Ndiyo maana feni iligeuka. Yeye alishaniambia, mi ndiye sikusikia. Baba yako simujui sura. Lakini leo amesema na mi."

Assia aliona akilini vidole vya baba yake vikifunga nyuzi, taratibu, ulimi umetoka kidogo kwenye kona ya mdomo kama alivyozoea akiwa kazini. Machozi yalimtoka na kuchora njia mbili kwenye unga usoni mwake.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Khadidja alimshika Assia mkono hadi mlangoni. Alikuwa hajakohoa tangu feni izunguke.

"Kumtamani baba yako si dhambi," alisema. "Hata mimi namtamani, na Mungu anajua. Lakini tazama alivyofanya yeye. Alifunga nyuzi zile kwa ajili ya mtu asiyemjua, atakayekuja nyuma yake, asipotee wala asiumie. Wewe ulificha kufuli ili huyo mtu asilishike. Ukimpenda mtu aliye mbali, usimtunzie vitu vyake tu, mtunzie na tabia yake. Na ukikosa, sema ukweli mapema kama ulivyosema leo, hata kama hakuna aliyekuuliza."

Kisha akamtuma kwa kina Benite, akawaambie kwamba leo watakula pamoja. Jioni mkeka ulitandikwa, na ile nafasi ya baba ikaachwa wazi kama kawaida. Benite alipotaka kukaa hapo, Assia alimvuta upande wa pili, akamwambia mwenye nafasi hiyo bado yuko njiani.