Nilijibu "Daijobu" Mpaka Goti Langu Likafa

Nna miaka ishirini na tisa, ndugu zangu, na ngazi za nyumbani kwetu Al Amerat, huku Uarabuni, nnazipanda kwa kushika ukuta. Mwaka juzi nilikuwa kiungo wa timu ya mpira, watu wananijua. Leo nnakaa kaunta ya duka la vipuri mtaa wa Ghala, nnauza breki na taa za magari. Aliyenifikisha hapa si adui. Ni mtoto wa dada yake mama, tumekula sahani moja tangu utoto... na sijamsamehe.

Nitamwita Nassor. Alikaa Japani miaka mingi akinunua magari ya mitumba, lugha yao akaishika barabara. Klabu ilipomleta kocha Mjapani, Nassor akachukuliwa kuwa msaidizi na mkalimani. Nyumbani tulifurahi sana.

Mjapani huyo alikuwa kiungo kwao, kama mimi, akaacha mpira mapema na kuingia ukocha. Siku ya kwanza alitusimulia maisha yake, maneno marefu, huku anajishika goti. Nassor akatufupishia: anasema yeye alicheza na maumivu mpaka mwisho, na anayelalamika hana nafasi kwake. Nikamchukia palepale.

Msimu ulipopamba moto, goti langu likaanza kuvimba. Nikamwomba Nassor amwambie kocha kuwa nnataka kupumzika.

"Mwambie mwenyewe bwana, atakuheshimu," akanambia. "Akikuuliza 'daijobu?', maana yake 'linauma?' Na wewe mjibu 'daijobu', yaani linauma. Huyu hapendi maneno mengi."

Basi kila siku mazoezini Mjapani ananijia, analitazama goti, anauliza, "Daijobu?" Nami nnajibu, "Daijobu." Anaitikia kwa kichwa, ananipanga! Nikasema moyoni, huyu mtu au jiwe? Nnamwambia nnaumia, naye ananirudisha uwanjani. Simu nnayo mfukoni, na neno lile sikulitafuta hata siku moja. Nani anamkagua ndugu yake?

Mechi moja niliruka kupiga kichwa, nikatua vibaya, kano za goti zikakatika. Daktari akanambia nisahau mpira.

Hospitali Nassor alilia kumshinda mama. Akatoka pale akaenda kwa wakubwa wa klabu, akawaeleza kwa Kiarabu kizuri kwamba Mjapani anachezesha wagonjwa kwa nguvu. Mama naye akimwapiza Mjapani kila baada ya sala. Wakamfukuza. Timu akapewa nani? Nassor.

Kabla ya kuondoka, Mjapani alikuja nyumbani. Mama hakumkaribisha hata kahawa, na kwetu hilo ni tusi kubwa. Akasimama mlangoni, akaandika kwenye simu yake, ikayageuza kuwa Kiarabu, akanionesha. Iliandikwa: "Goti langu lilikufa kwa sababu niliona haya kusema linauma. Ndiyo maana siku ya kwanza niliwaomba msinifiche. Kila siku nilikuuliza kama uko sawa, na kila siku ulinijibu uko sawa. Kwa nini ulinidanganya?"

Nilisoma mara mbili. Nikamwandikia yote aliyonifundisha Nassor. Alisoma taratibu, akainama mpaka kiunoni, akaenda zake. Nnasikia mpaka leo hajapata timu. Kosa lake nini yule mtu?

Nilimfuata Nassor ofisini kwake. Sikumpiga, Mungu ndiye aliyenizuia. Alicheka, akanambia, "Kinywa kilichojibu ni chako, si changu."

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nnaisikia tu, sasa nnaijua. Nyinyi mnaosoma haya, nnakuombeni, msimkabidhi mtu maneno yenu, hata awe ndugu wa damu. Kama mwili wako unauma, onesha kwa kidole, chora, lia ukitaka, lakini hakikisha mwenyewe kuwa umefahamika. Usione haya kumkagua ndugu yako. Anayekupenda hatachukia.

Mama nimeshamweleza. Akanambia, "Funika kombe, mwanangu, mwanaharamu apite. Ni mtoto wa dada yangu."

Apite aende wapi? Kila Ijumaa yumo sebuleni kwetu, anakula wali, na mimi nnaambiwa nimpe mkono.