Wa Kumpisha

Asubuhi ile kioo kimoja cha basi la Ruiru kilikuwa na ukungu kwa ndani, ilhali hakuna aliyekuwa amepanda. Muriithi, msimamizi wa steji, yaani kituo cha mabasi, hapa Thika, alikifuta kwa mkono wa koti, akaenda kutafuta watu wa kujaza viti.

Kila gari huanza hivyo. Abiria hapandi basi tupu, kwa hiyo steji huketisha watu wake wajifanye wasafiri. Abiria wa kweli akija, mmoja anampisha na kushuka. Muriithi aliwadharau. Aliwaita magunia, hata Kalondu aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi.

Siku hiyo alipungukiwa na mtu mmoja. Kando alisimama mwanamke mgeni, nguo zikinuka matope ya mto. Muriithi hakumuuliza jina. Alimwonyesha kiti chenye kioo kile, akamwambia akae mpaka apate wa kumpisha.

Hakuna aliyekitaka. Abiria walikikaribia, wakasita, wakaenda viti vingine, na basi likaondoka naye. Kufikia adhuhuri Opiyo, dereva, alirudi steji, akazima injini.

"Mkubwa, nimefika Ruiru naye, nimerudi naye," alinong'ona. "Hapumui."

"Mwili wote huo, na unaogopa mama?"

Opiyo akakataa kuendesha. Muriithi alijua maana yake: mwenye basi alishaapa kwamba likikwama tena steji, Muriithi atafutwa kazi.

Kalondu alimsihi apande kwa heshima, amshukuru yule mama, amwambie kazi imekwisha. Muriithi akacheka. Yeye ashukuru gunia?

Ndani kulikuwa na baridi, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya matope ilivyomjaa kooni na kelele za steji zikafifia, mpaka akabaki akisikia maji yakidondoka mahali asipopaona, lakini hakurudi nyuma, kwa kuwa Opiyo na Kalondu walikuwa wakimtazama, na hakutaka watu kama hao wamwone akitetemeka.

"Toka," alisema. "Abiria ni mimi."

Mwanamke akampisha kwa adabu. Muriithi akaketi.

Alipotaka kuinuka, miguu haikumsikia. Mlangoni mwanamke alikuwa akiita abiria wa Ruiru kwa sauti ya Muriithi, naye Opiyo akamwitikia, "Sawa, mkubwa," akawasha injini. Muriithi alijaribu kupiga kelele, mdomo haukufunguka.

Kalondu alipanda, akasimama mbele yake, akamtazama machoni kwa muda mrefu. Alijua ni yeye. Kisha akashuka taratibu, akaenda kujaza gari lingine.